Fundi Aliyeogopa Moyo Wake

Mdogo wangu Dauda ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kiko hapa Gisenyi, nyuma ya soko, unashuka ngazi tatu kutoka barabarani. Zamani hukuhitaji kuuliza kama yupo, maana ungesikia cherehani yake ya miguu kabla hujauona mlango. Alikuwa anaikanyaga kwa kasi mpaka Habib, anayeshona viatu pale nje, alikuwa akimpigia kelele, "Fundi, punguza, utafika Kigali!"

Na kila Jumapili, wateja wake wengi wakiwa kanisani, alifunga mlango akavuka mpaka wa Kongo kwa miguu kwenda kumwona mama yetu. Mama anakaa Birere, upande wa Goma. Ukiondoa foleni ya petite barrière, lile geti dogo la mpakani, ni mwendo wa robo saa. Ana miaka themanini na moja na miguu yake haiwezi tena kusimama kwenye foleni. Mwaka wa volkeno tulimleta kwetu kwa nguvu, akakaa siku nane, na aliporudi kwake akaapa kwamba anayemtaka atamkuta hapo hapo. Donc ni sisi tunaokwenda.

Dauda alikaa miezi kumi na mmoja bila kwenda. Hakuwa mgonjwa wa miguu, hakuwa na kesi na mtu, na makaratasi yake yote yalikuwa sawa.

Ilianza baada ya volkeno ile ya 2021. Moto haukufika kwetu Gisenyi, ila ardhi ilitikisika siku nyingi na kuta zikapasuka. Tulilala nje, halafu tukapanda mlimani, Nyundo, kwa wazazi wa Kayitesi, mke wa Dauda. Baadaye ardhi ikatulia, tukarudi, watu wakaziba nyufa kwa sementi wakaendelea na maisha.

Miezi kama mitatu ikapita. Siku moja Dauda anashona, akahisi mtikisiko. Kifua kikapiga, mikono ikatetemeka, sakafu ikawa kama inamkimbia. Akapanda zile ngazi mbio, gauni la mteja mkononi na sindano bado imo, akapaza sauti:

"Tokeni! Tokeni nje!"

Barabara ilikuwa imetulia. Mwanamke mmoja alikuwa anapanga maparachichi yake. Habib alikuwa na kiatu magotini.

"Fundi, iko nini?"

"Hamusikie? Ardhi inatikisika!"

Habib akaweka kiganja chini, akakaza macho kama daktari. "Ardhi imelala," akasema. "Ni we unatikisika."

Watu wakacheka, na Dauda akacheka nao. Lakini aliporudi ndani hakushona tena siku hiyo.

Alichofanya kesho yake, nadhani ni mtu wa kwetu tu angekifanya. Aliweka bakuli la maji mezani, karibu na cherehani. Akihisi mtikisiko anatazama maji; yakicheza, ni ardhi. Na kwa sababu chumba chake kiko chini ya barabara, akawasha na mshumaa sakafuni. Huo ulikuwa wa mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini upande wa volkeno na kukaa sehemu za chini. Haina harufu, na inaua mbuzi na watu. Mshumaa ukizimika wenyewe, unakimbia. Kayitesi aliona ni busara, na mimi pia niliona ni busara.

Lakini maji hayakucheza, wala mshumaa haukuzimika. Moyo ulimpiga mara kumi, mara ishirini, na maji yametulia kama kioo. Na kila alipoyaona yametulia aliogopa zaidi.

"Dada," aliniambia, "ingekuwa ardhi ningetoka nje. Ingekuwa hewa ningepanda juu. Sasa kama ni huu moyo wangu, nitatoka niende wapi?"

Tulimpeleka hospitali. Wakampima damu, wakambandika waya kifuani, ikatoka karatasi yenye milima milima, daktari akasema moyo ni mzima kabisa. Dauda akafurahi siku mbili. Siku ya tatu akasema labda siku ile ya waya moyo ulikuwa umepumzika.

Tangu hapo akaanza kuulinda, na mimi naona kule kuulinda ndiko kulikomfunga. Aliacha chai kwa sababu chai inauamsha. Aliacha kukanyaga cherehani kwa kasi. Mshono mmoja akaufanya polepole kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Njia ya Nengo aliiacha kwa sababu ina mlima. Kwenye swala akasali ameketi kwenye kiti, mtu wa miaka arobaini na sita, maana akisujudu damu inapiga masikioni, na kiti chake kilikuwa karibu kabisa na mlango. Wazee wakadhani ni mgongo. Yeye akawaacha wadhani hivyo. Vidole viwili vilikuwa shingoni kila wakati, chini ya kamba ya kupimia, vinahesabu. Unaongea naye kuhusu kola ya shati, anakuitikia "ndiyo, ndiyo", kumbe anasikiliza shingo yake.

Usiniulize alikuwa anaogopa nini hasa. Nilimuuliza mimi mwenyewe. Akasema haogopi watu, haogopi foleni, haogopi polisi. Anaogopa ule moyo usije ukaanza kumpiga mahali ambapo hawezi kuondoka. Na petite barrière ni mahali pa namna hiyo hasa. Umebanwa mbele na nyuma, kuna vyuma kushoto na kulia, na kabla hujapita unanawa mikono, halafu mtu wa afya anakuelekezea kile kipimo cha homa kwenye paji la uso. Dauda aliona wazi kwamba siku atakayofika pale na jasho lake na kutetemeka kwake, watasema huyu ana ugonjwa, watamweka peke yake kwenye hema. Jumapili ya kwanza alisema ana kazi. Ya pili akasema mvua. Baada ya hapo hakusema kitu, na sisi hatukuuliza.

Mungu anisamehe, mimi nilimsaidia kujifunga. Nilikuwa navuka mwenyewe na sukari na mafuta ya mama, na mama akiuliza, "Dauda iko wapi?" nilijibu, "Ana harusi ya kushonea, mama." Kwa miezi kumi na mmoja nilimwambia hivyo, mpaka mama akasema, "Rwanda yote inaoa mwaka huu?"

Nilimsomea Dauda dua pia, nikampa maji yaliyosomewa. Dua ni nzuri na siachi kuomba. Ila nilikuwa naomba moyo wake usipige, na moyo hauwezi kuacha kupiga mtu akiwa hai. Sikuliwaza hilo wakati ule.

Kisha ikaja Idi ya kumaliza Ramadhani. Kila mwaka kwa Idi hiyo, tangu baba alipofariki, Dauda anamshonea mama gauni. Na ana desturi yake: hakati kitambaa cha mtu kabla hajampima kwa mkono wake, hata kama ni mteja wa miaka kumi. Anasema mwili wa mtu hautoi taarifa ukibadilika. Mwaka huu hakuweza kwenda, akanipa kamba, akanionyesha pa kushika. Nikavuka, nikampima mama chumbani kwake, nikaandika namba kwenye mkono wangu kwa kalamu ya bic.

Dauda alitazama mkono wangu, akatikisa kichwa. "Dada, umevuta kamba vibaya. Kifua cha mama si hiki. Hiki ni cha mutoto wa shule."

"Nimepima mara mbili, Dauda."

"Bon, umekosea mara mbili."

Akakata kwa vipimo alivyonavyo kichwani. Gauni lilikuwa la kijani, na nyuzi nyeupe kifuani, kazi safi sana. Asubuhi ya Idi nikampelekea mama. Alipolivaa likamteleza begani upande mmoja, mikono ikafunika vidole vyake, na pindo likakaa sakafuni pande zote. Wajukuu zangu niliokwenda nao wakacheka, mama naye akacheka kidogo. Halafu akakaa kitandani ndani ya lile gauni kama mtu aliye ndani ya hema.

"Hii ni ya mama yake yule mwingine," akasema. "Yule aliyemwacha mwaka jana."

Nikaanza, "Mama, kazi zimekuwa nyingi..."

"Nyamaza, Saidati. Umenidanganya mwaka muzima na nimekuacha, juu ya vile unasema kwa upole. Sikia. Mi sikose fundi huku, mafundi wamejaa Birere. Nakosa mutoto. Mwambie nguo yake aikate yeye mwenyewe, hapa, na mi niko ndani yake. Asipokuja haraka, mwaka kesho atakata ya kunizikia, na hiyo haipimwe."

Nilirudi na gauni kwenye mfuko. Dauda alipolipokea nilimwambia maneno yote, sikupunguza. Alilitandaza mezani, akachukua sindano za kubania, akalipunguza pembeni kufuata zile namba zangu zilizokuwa zimeshafutika mkononi, ila yeye alikuwa anazikumbuka moja moja. Alipomaliza kulibana akalitazama lilivyokuwa jembamba. Akaweka vidole shingoni, akatoka akaketi kwenye ngazi.

Kayitesi ndiye aliyemshika mkono akampeleka kituo cha afya, kwa nesi anayeshughulikia mambo ya kichwa na roho, anaitwa Iribagiza. Mimi nilikuwepo. Huyo binti hakumpa dawa siku hiyo. Alimwambia, "Mzee, simama. Pandisha magoti kama unakimbia, hapo hapo ulipo, mpaka niseme basi."

"Moyo utapiga!"

"Ndiyo ninachotaka."

Akapandisha magoti. Baada ya dakika moja alikuwa anahema, macho yametoka, vidole vinakwenda shingoni. Nesi akavishusha kwa upole.

"Usiuhesabu. Uache. Unasikia nini?"

"Ninakufa."

"Mimi nikikimbilia basi nasikia hivyo hivyo, na sisemi ninakufa, nasema nimechelewa." Akaketi mbele yake. "Moyo wako hauna kosa. Unaogopa unapopiga, woga unaufanya upige zaidi, we unaona ahaa, kumbe ni kweli, unaogopa zaidi tena. Wewe unakimbia kabla haujashuka, ndiyo maana hujawahi kuuona ukishuka. Watu wanaoogopa hivi, wasiposaidiwa, wengine wanaishia kujifungia chumbani na huzuni inawaingia mpaka hawataki tena kuishi. Sitaki ufike huko. Utarudi Alhamisi."

Alirudi Alhamisi moja. Alhamisi ya pili alisema lile zoezi linamchosha kifua, akakaa nyumbani. Tulikuwa tumerudi pale pale.

Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya swala ya adhuhuri, alikuja mlangoni kwangu amevaa koti. "Dada, twende," akasema. "Usiniongeleshe njiani."

Mvua ilikuwa inanyunya. Gauni la kijani alikuwa amelikunja, akalitia ndani ya koti, tumboni, lisilowe. Nililiona nikafurahi tu, sikuwaza zaidi. Tukafika kwenye foleni. Mbele yetu watu kama arobaini, nyuma wakajaa wengine, kina mama na mabeseni. Kwa hatua kumi za kwanza alikuwa sawa. Tulipoona mabomba ya kunawia, midomo yake ikakauka. Nikaona jasho linashuka kwenye sikio. Kile kipimo cha homa kililia mbele yetu, pii, mtu akapita. Pii, mwingine.

Mwanamke wa nyuma, mwenye beseni la nyanya kichwani, akamsukuma kwa kiwiko. "Papa, songa! Nyanya zangu zitaiva zikiwa hapa juu!"

Dauda akageuka. Hakuniangalia. Akapenya katikati ya watu kurudi nyuma, anakimbia sasa, mikono yote miwili imekumbatia tumbo.

Kila mtu wa Gisenyi anajua maana ya mtu anayetoka kwenye foleni mbio akishika tumbo. Wapo wanaojifunga vitenge mwilini wakavusha kwa magendo, na wakiona ukaguzi umekaza wanageuka hivyo hivyo. Hakufika mbali. Askari polisi akamshika koti, sehemu ya kitambaa cha kijani ikachungulia.

"Ee! Na hii?"

Dauda akalikumbatia gauni zaidi. Wakamwingiza kwenye chumba kidogo cha pembeni, wakafunga mlango. Mimi nikaambiwa nikae kwenye benchi nje. Nilimweleza askari kwamba ni ndugu yangu, kwamba ni mgonjwa wa woga. Akasema, "Mama, wote wanaoshikwa hapa ni wagonjwa wa woga. Ngoja mkubwa aje."

Ya ndani alinieleza baadaye. Chumba kilikuwa na kiti kimoja na dirisha la vyuma. Alijaribu mlango mara moja. Moyo ulimpanda, anasema, ukafika mahali ambapo hakuwahi kuuacha ufike, kwa sababu miezi yote hiyo alikuwa na mlango wa kukimbilia. Masikio yakavuma, vidole vikafa ganzi. Akajua sasa ni mauti. Akakaa sakafuni, akaelekea alipodhani ni kibla, akatamka shahada, kama mtu anavyotakiwa kuiaga dunia. Akangoja.

Hakufa. Akatamka tena, labda hakuitamka vizuri. Akangoja tena. Hakuwa na bakuli wala Kayitesi wala mimi, na mlango umefungwa. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa humo na moyo wake. Ukapiga, ukapiga. Halafu, hajui ni baada ya muda gani, akashangaa kwamba anasikiliza watu wa nje. Yule mama wa nyanya alikuwa anagombana na mtu, "Umenikanyaga, na haunipe hata pole!" Dauda akagundua kwamba kwa muda hakuwa ameuhesabu. Akaweka vidole shingoni haraka. Ulikuwa umeshuka. Akaingiwa na hofu kwamba labda umesimama.

Anaponieleza hapo anacheka. Siku ile hakucheka.

Mkubwa alikuja, mwanamke wa makamo, polisi. Akaacha mlango wazi, nami nikasogea. Akalikunjua gauni, akaona sindano na alama za chaki.

"Ni la nani?"

"La mama yangu. Yuko Birere. Nataka kulikata akiwa amelivaa."

"Kwa nini ulikimbia?"

"Niliogopa moyo wangu, afande. Ulikuwa unapiga."

Yule mwanamke akamwangalia sana. "Bon. Moyo hatuukamati hapa," akasema. "Tunakamata vitenge." Akamkunjia gauni vizuri kuliko lilivyokuwa, akampa. "Ni saa nane na nusu. Saa tisa tunafunga. Ukivuka leo, haurudi leo. Unaenda ama unarudi nyumbani?"

Dauda akasimama kati ya njia mbili. Jasho limerudi, nililiona. Mimi nilikuwa nimeacha wajukuu zangu peke yao nyumbani, nisingeweza kulala ng'ambo. Maneno yalishafika mdomoni mwangu: turudi, mdogo wangu, tutakuja Jumapili nyingine. Maneno ya huruma. Nilikuwa nimemshika mkono wa koti. Nikasema Bismillah, nikauachia.

Alikwenda peke yake. Alinawa mikono muda mrefu mno, mtu wa nyuma akalalamika. Akainua paji la uso. Pii. Wakampungia apite. Hakugeuka nyuma. Alitembea katikati ya watu kama amebeba yai mdomoni, nikamwona mpaka kona, basi.

Saa kumi na moja simu ikalia.

"Saidati," mama akasema, "mutu wako iko hapa. Amekonda kuliko mi. Anasema moyo inamupiga."

"Na wewe umemwambia nini, mama?"

"Nimemwambia hata yangu inapiga, tangu alipoingia mulangoni. Nimesimama kwenye kiti sasa, ananizungukia na masindano. Usinitumie tena uongo wa harusi."

Nililia kidogo, nikaswali.

Wasomaji wasidhani ilikwisha hapo. Dauda alipaswa kurudi Jumatatu. Jumatatu alifika kwenye foleni ya upande ule, akageuka. Jumanne hivyo hivyo. Alikaa Birere siku tisa, si kwa kumpenda mama tu, ila kwa sababu sasa alikuwa amefungwa ng'ambo badala ya kufungwa huku. Wateja walikuja wakakuta kufuli, na Kayitesi akawa anaomba radhi kila siku. Mama alimwacha siku nane. Siku ya tisa akamwekea mfuko wake mlangoni, akamwambia, "Umekuja kwa miguu yako, toka kwa miguu yako. Moyo utakufuata, haina mahali pengine pa kwenda."

Alirudi na shati limelowa lote. Siku hizi anakwenda kwa Iribagiza kila Alhamisi na kupandisha magoti. Hajasema amepona, nami simuulizi. Kuna Jumapili anaishia kwenye mabomba, anageuka taratibu, hakimbii tena, ananunua mandazi na kurudi nyumbani bila kumtazama mtu.

Na kuna Jumapili mama ananipigia saa nane, anaongea kwa kunong'ona kwa sababu Dauda yupo karibu: "Amefika. Jasho tupu. Mwambie Kayitesi mume wake anakula."